TAHADHARI: Stendi za jeki "mpya" za rangi nyekundu

Mikono bado inanitetemeka, na aibu ninayo, maana mimi ndiye ninayewafokea wenzangu kila siku kwamba jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii gari mtu akiwa chini. Haya, leo nichekeni.

Zile stendi mbili nilizowaringia wiki iliyopita, za kushikilia gari likishanyanyuliwa kwa jeki, ni takataka. Nimeuziwa vyuma chakavu vilivyopakwa rangi.

Mtaniuliza nilimwaminije muuzaji. Jamaa ana grisi mpaka kwenye viwiko! Hana maneno mengi ya kidalali. Akachukua stendi moja, akaivuta juu, ulimi unaoizuia isishuke ukalia "tak" kwenye meno ya nguzo yake, akapanda juu yake akarukaruka mara tatu na kitambi chake chote. "Jionee mwenyewe, kaka." Stika ya tani 3 inang'aa. Nikasema huyu ni fundi mwenzangu, hawezi kuniuzia kifo. Sasa kitambi kile ni kilo mia na kitu, na gari langu lina tani moja na nusu. Ukilinyanyua mbele, kila stendi inabeba si chini ya vitambi vitatu. Hesabu hiyo nimeipiga leo, nimekaa chini nimeegemea ukuta.

Mawe niliweka nyuma ya matairi ya nyuma. Sakafu ni ya zege. Gari nililishusha taratibu kwenye stendi, nikalitikisa kabla ya kuingia, likatulia, kwa hiyo hilo msiniulize. Nikaingia uvunguni, nikalegeza nati mbili za bomba la moshi. Ya tatu ikagoma. Nikatoka kufuata kipande cha paipu cha kurefushia spana. Ndiyo kwanza nimesimama, nasikia "tak". Ileile. Halafu kishindo. Upande wa dereva ukalalia tairi la akiba, ambalo huwa nalisukumia uvunguni. Kofia yangu bado iko chini pale. Sijaenda kuitoa.

Stendi nimeikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi ni kutu, meno yamelika mpaka yamekuwa mviringo, ulimi unadaka ncha tu. Na mguu mmoja, pale ulipochomelewa, una ufa uliozibwa kwa puti. Puti ya kusawazishia bodi, jamani! Kwenye chuma kinachobeba roho ya mtu!

Nimempigia. Eti nilikosea pa kuiweka, na eti tani 3 ni za stendi zote mbili kwa pamoja. Mbona hakusema siku ile? Kisha akanibloku.

Pesa sizitaki tena. Huyu afungwe. Na kabla ya kufungwa alazwe chali chini ya gari lililokaa juu ya stendi zake mwenyewe, apewe ile nati ya tatu aifungue. Muuaji mkubwa.

Dalili zilikuwepo, ila macho yangu yalikuwa kwenye kitambi. Rangi nene imeingia mpaka katikati ya meno. Uzito uko kwenye stika tu, hakuna kilichogongwa kwenye chuma chenyewe. Moja ilikuwa inacheza kidogo ikisimama, nikasingizia sakafu yake.

Stendi zote mbili nimezifungia stoo, ni ushahidi. Mkimwona mtu popote anarukaruka juu ya stendi nyekundu mbele ya mteja, nistueni haraka.