TAHADHARI: Anayepita na "simu ya kupima majani" Makorora na Mikanjuni

Wana Tanga wenzangu, assalaam aleikum. Kuna kijana anapita mitaani na begi mgongoni, anauza mbolea ya maji ambayo mwenyewe anaiita busta. Kwangu ameondoka na shilingi 54,000. Kwa jirani yangu, mama mjane anayeuza ndimu na mchicha kwa mafungu, ameondoka na 36,000, na mndimu wake sasa umepukutika majani upande mzima. Yangu ningeyanyamazia. Ya huyu mama yamenishinda.

Anakuja asubuhi, watu wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini. Anachungulia uani, akiona jani la njano tu anabisha hodi. "Shikamoo mama, mmea wako una njaa." Ana adabu sana, nakiri ilinilainisha. Anachuma jani, analipiga picha kwa simu, kiduara kinazunguka kwenye kioo, kisha yanatokea majina na asilimia: chuma kimepungua kiasi hiki, magnesiamu kiasi hiki, naitrojeni kiasi hiki. Kila kinachopungua kina chupa yake, na kila chupa ni 18,000. Nilipomwomba alipige picha jani lile lile mara ya pili tuone kama majibu yatafanana, akasema chaji imekwisha. Pale pale ningemrudishia chupa zake. Sikufanya hivyo.

Picha ya simu haiwezi kukupa asilimia ya madini yaliyomo ndani ya jani. Kipimo hicho ni cha maabara: jani linakaushwa, linasagwa, ndipo linapimwa. Jicho linaweza kukupa dalili, na dalili hizo unaweza kuzisoma mwenyewe bure.

Chupa zenyewe ni za maji ya kunywa, za nusu lita, zimebanduliwa karatasi. Hakuna jina la mbolea, hakuna kiasi cha madini, hakuna mtengenezaji wala tarehe. Akanielekeza ninyunyize saa sita mchana "jani linywe haraka". Naomba mlikumbuke hili hata kama hamtakutana naye: mbolea ya majani hunyunyizwa asubuhi mapema au jioni. Jua kali hukausha maji, chumvi ya mbolea ikabaki juu ya jani na kuliunguza. Siku ya nne nyanya zangu na hoho zilikuwa na kingo za kahawia kama zimepitishwa kwenye moto. Nikamimina kidogo kutoka kila chupa kwenye visahani vitatu, nikaanika juani. Rangi zilikuwa tofauti, lakini punje nyeupe zilizobaki chini zilikuwa sawa kwenye visahani vyote.

Kilichonifumbua macho zaidi ni swali ambalo hakuuliza hata mara moja: jani lililoanza kuwa njano ni la chini au la juu? Bwana shamba aliyekuja baadaye aliuliza hilo kabla hata hajainama. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo zikipungua huzitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga. Jani zee la chini likiwa njano lote, fikiria naitrojeni kwanza. Likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, fikiria magnesiamu. Kingo zikiungua kwenye majani ya chini, huenda ni potasiamu. Chuma na zinki hazihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo shida huanzia juu, kwenye majani machanga. Mndimu wa mama ulikuwa hivyo hasa: vijani vipya vya njano, mishipa kijani.

Na hapo kuna jambo letu la Tanga. Sehemu nyingi huku tumekaa juu ya mawe ya chokaa; nani asiyejua mapango ya Amboni, yaliyo ndani ya mawe hayo hayo? Udongo wenye chokaa nyingi unaweza kuwa na chuma cha kutosha, ila mizizi ikashindwa kukichukua. Mama alikuwa amejaza vifusi vya ukuta wa zamani kwenye shina la mndimu ili usiyumbe. Tumevitoa, tumeweka samadi iliyooza vizuri.

Tena si kila njano ni njaa. Ndoo isiyo na tundu hutuamisha maji na mizizi ikakosa hewa. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha za majani. Nyanya kuoza kitako watu hulaumu kalsiamu, na kweli kalsiamu haifiki kwenye tunda, lakini mara nyingi ni kwa sababu leo unamwagilia sana, kesho unasahau. Kwa hayo yote busta ya 18,000 haina la kusaidia, hata ingekuwa halali.

Mbolea hapa nchini inasimamiwa na TFRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Inatakiwa iwe imesajiliwa, na muuzaji awe na leseni. Nunueni kwenye duka la pembejeo, chupa iwe na maandishi yake, dai risiti. Mwenye eneo kubwa apeleke udongo TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, wale ndio watu wa udongo hasa.

Namba aliyotuachia haipatikani tena. Jumamosi jirani amemwona stendi ya Kange akipanda gari la Muheza, begi limejaa. Kule kila nyumba ina michungwa, na wazee wengi wako peke yao mchana. Mwenye mama, shangazi au babu Muheza ampigie simu leo, amwambie asifungue geti kwa mtu anayesifia miti yake huku ameshika simu.