TV ya flat kwa laki tatu hadi laki tano: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukishuka Kariakoo na laki nne za kununulia TV, hujafika hata dukani winga, yule dalali wa mtaani, ameshakudaka. Atakupeleka kwenye inchi 43 inayowaka rangi kali, boksi limejaa maandishi: 4K, Android, HDR, Full HD. Bei yake inakaribiana na ya inchi 32 ya kampuni kubwa iliyopo duka la jirani, na kwa macho tu utaona kama umeokota dodo. Msimamo wangu ni kwamba mwenye pesa ndogo anunue kioo na waranti. Ukubwa na maneno ya kwenye boksi vije baadaye, pesa ikiruhusu.

Ninawaandikia watu wa chumba na sebule: king'amuzi kimoja, umeme wa TANESCO unaopanda na kushuka, watoto wanaocheza mpira ndani mvua ikinyesha. Bei nazitaja kwa makadirio, maana Kariakoo bei hutembea na dola na msimu. Mpangilio wangu unaanza na ile ambayo ningemshauri ndugu yangu achukue.

Ya kwanza: inchi 32 ya kawaida, isiyo smart (yaani isiyoingia intaneti), ya kampuni yenye wakala hapa nchini

Najua wengi hawataki kusikia hili. Lakini hebu angalia TV inatumikaje kwenye nyumba nyingi. Azam ndiyo yenye haki za kuonyesha Ligi Kuu tangu 2021 kwa mkataba wa miaka kumi, kwa hiyo anayetaka Simba na Yanga king'amuzi anacho tayari. Picha inatoka kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI. Kazi ya TV hapo ni kuionyesha vizuri, basi. YouTube watu wanaangalia kwenye simu, kwa kifurushi cha simu.

TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha HD, yaani nukta 1366 kwa 768. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye kioo hicho, mechi inaonekana safi. Isiyo smart ina vitu vichache vya kuharibika, inawaka haraka, na haitakuomba sasisho la programu usiku wa fainali. Hisense na TCL ndizo utakazozikuta zaidi kwenye bajeti hii. Samsung na LG zipo pia, ila kwa ukubwa uleule mara nyingi utaongeza pesa.

Jambo moja linalowachanganya wanunuzi ni alama ya T2 au S2 kwenye boksi. Maana yake TV ina kipokezi cha dijitali ndani, kwa hiyo inaweza kushika chaneli ambazo hazijafungwa ukiunganisha antena au dishi. Chaneli zilizofungwa za Azam, DStv au StarTimes bado zinataka king'amuzi chao. Muuzaji akikwambia TV hii "haihitaji king'amuzi", mwambie aiwashe akuonyeshe.

Ya pili: inchi 32 smart, yenye mfumo halali

Hii ni ya nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi. Kama intaneti yako ni bando la simu, piga hesabu kwanza: saa moja ya video ya HD inaweza kula GB moja hadi tatu. Bando halifiki mwisho wa mwezi.

Smart halali ni ile yenye Google TV, au mfumo wa kampuni yenyewe kama VIDAA wa Hisense, webOS wa LG, Tizen wa Samsung. Hizo zimepewa kibali cha kuonyesha Netflix na wenzake, na programu zake zinasasishwa. Zipo nyingine zimeandikwa Android tu. Ndani yake ni Android ya bure iliyopachikwa kwenye TV bila kibali cha Google, RAM GB moja, nafasi ya kuhifadhi GB nane ambayo nusu imeshaliwa na mfumo. Siku ya kwanza inapendeza. Baada ya miezi kadhaa YouTube inagoma kusasishwa na Netflix inakataa kabisa, na fundi hana cha kukusaidia kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Dawa yake ni kuijaribu palepale dukani. Washa hotspot ya simu yako, fungua YouTube, fungua Netflix mpaka ukurasa wa kuingia, kisha angalia kama duka la programu ni Play Store yenyewe au ni kitu kingine kilichopakwa rangi zake.

Ya tatu: bidhaa za bei nafuu za Kariakoo, hasa za vioo viwili

Star X, Alitop, Aborder na nyingine za kundi hilo. Kwa laki tatu au pungufu kidogo unapata inchi 32 mpya. Sizidharau hata kidogo, zimeingiza TV kwenye nyumba ambazo zingekaa bila. Zile wauzaji wanazoziita "double glass" zina kioo kigumu cha ziada mbele, na kwa mwenye watoto wadogo kinga hiyo ina thamani kuliko smart yoyote. Kioo laini cha TV ya kawaida kikipigwa na rimoti iliyorushwa, kimekwisha, na kukibadilisha kunakaribia bei ya TV mpya. Hasara zake ni uzito, na mchana dirisha likiwa wazi utajiona mwenyewe kama kwenye kabati la vyombo.

Ubora wa kundi hili unabadilika kutoka toleo moja hadi jingine hata jina likiwa lilelile. Usiende na jina la TV aliyonunua jirani. Nenda na TV uliyoiona imewashwa kwa macho yako, na ukaipime. Inchi 32 ni sentimita 81 kutoka kona hadi kona ya kioo, bila fremu. Inchi 43 ni kama sentimita 109. Beba futi ya fundi cherehani, maana zipo TV ambazo namba ya kwenye boksi na kioo chenyewe havikubaliani.

Ya nne: mtumba wa nje

TV ya mtumba ya kampuni kubwa inaweza kuwa na kioo kizuri kuliko mpya zote nilizozitaja. Tatizo ni kwamba historia yake huijui. Kagua kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, itavumilia hata umeme ukishuka. Kikiandikwa 110V au 120V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa soko kama la Marekani, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230V unaiunguza. Plasma za zamani ziache, zinakula umeme na zinatoa joto. Duka la mtumba lisilokubali TV iwake nusu saa ukiwa umekaa unaangalia, ondoka.

Ya mwisho: inchi 43 au 50 ya jina usilolijua, kwa bei ya inchi 32

Hiyo ndiyo ya winga. Kioo kikubwa cha bei ya chini maana yake kuna mahali wamebana: taa za nyuma chache, spika dhaifu, kumbukumbu ndogo. Na kile alichokiita 4K kinaweza kuwa TV inayopokea mawimbi ya 4K huku kioo chake ni cha chini zaidi. Kioo cha 4K ni nukta 3840 kwa 2160. Uliza ubora wa kioo, usiulize "inasapoti nini".

Kama moyo wako uko kwenye inchi 43 na sebule inaruhusu, subiri. Ongeza laki mbili au tatu, uchukue Full HD ya kampuni yenye waranti. Kwa kukaa mita mbili na nusu, huo ndio ukubwa mzuri kuliko wote, na ningeuweka wa kwanza kama bajeti ingefika.

Dukani

Kabla hujatoka nyumbani, weka kwenye flashi picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Unaweza kuzitafuta kwenye simu ukazihamisha. Dukani chomeka flashi, fungua picha nyeupe, sogea karibu. Nukta nyeusi isiyowaka utaiona, na mstari mwembamba wa wima utauona. Nyeusi itakuonyesha nukta inayowaka isivyotakiwa na kona zinazovuja mwanga. Kisha simama pembeni kabisa uangalie rangi zinavyopauka, kwa sababu sebuleni si wote wanaokaa katikati. Video ya maonyesho ya duka, ile ya maua na samaki, haikuambii chochote. Imetengenezwa ili kila TV ipendeze.

Geuza TV nyuma. Matundu mawili ya HDMI yasipungue. Kama una sabufa ya zamani ya waya, hakikisha kuna tundu la earphone au yale ya nyekundu na nyeupe ya kutoa sauti. TV nyingi mpya zina sauti ya kidijitali tu, na sabufa inabaki pambo. Spika za TV nyembamba zinaelekea chini na wati zake ni chache, kwa hiyo usitegemee kusikia mtangazaji huku feni inazunguka na jirani ana redio.

Ichukuliwe TV ile ile iliyojaribiwa. Wakikuletea boksi lingine kutoka stoo, lifunguliwe nalo liwashwe. Kadi ya waranti igongwe muhuri na iandikwe namba ya TV, na uulize nani atakayeitengeneza: duka, au wakala mwenye karakana. Dai risiti ya EFD. Anayekupunguzia elfu kumi ili usichukue risiti amekunyima ushahidi wa siku ya kurudi. Na ukiweza, ingia dukani mwenyewe bila winga, maana cha juu chake kinatoka mfukoni mwako.

Ikishafika nyumbani

Nenda kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa nyuma, ulioandikwa Backlight, ushushe mpaka kama 60 au 70 kati ya 100. TV hutoka kiwandani mwanga ukiwa juu kabisa ili ivutie dukani, na ndio unaochosha taa zake. Taa hizo zimepangwa kwenye mistari, kila mstari umeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo ikifa moja nyingine zinaweza kuzimika nayo. Dalili yake ni sauti ipo, picha hakuna. Zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu: ukiona kivuli cha picha, kioo ni kizima na taa ndizo zimekufa. Fundi anabadilisha mistari hiyo kwa bei inayovumilika. Usikubali kuambiwa "kioo kimekwenda" kabla ya kumulika.

Umeme usikutishe. Inchi 32 ya LED inatumia kama wati 50. Ukiiwasha saa sita kwa siku ni uniti 9 kwa mwezi. Weka pesa kwenye TV guard, ile inayokata umeme ukizidi au ukipungua, na mvua ya radi ikianza chomoa waya wa umeme na wa antena pia.

Usafirishaji ndio unaoua TV nyingi kabla hazijaonja umeme. TV isafiri imesimama, kamwe isilazwe. Kwenye bodaboda abiria aishike wima kati yake na dereva, upande wa kioo usielekee mgongo wa mtu, na kwenye bajaji isiegemezwe kitu chenye ncha. Boksi na maboya yake usitupe mpaka waranti iishe, kwa sababu ukiirudisha bila boksi, safari ya kurudi dukani inaweza kuivunja wewe ukiwa ndiye wa kulaumiwa.