Kopo la mama limegeuka kidani, ila masikio yangu yalikoma

Wenye kopo la biskuti nyumbani limejaa hereni moja moja zisizo na mwenzake, cheni zilizobabuka na shanga zilizokatika uzi, hii ni yenu. Mama alinipa lake mwezi uliopita, akasema katupe au fanyia unachotaka, mimi nimechoka kuhama nalo. Mule kuna vitu vya miaka ya 80 mpaka 90 na kitu, vingine shangazi alikuwa anamletea toka Muscat, vile vidani vizito vya kuchovya vya kwendea harusini, na zile hereni za kubana ambazo ukivaa saa moja sikio linakufa ganzi.

Shosti akanipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, jina simtaji maana nina malalamiko nae huko chini. Yuko ghorofani kwenye nusu frem, nusu nyingine wanauza vitenge, kwahiyo mnaongea huku mnapishana na wateja wa vitenge. Yeye hauzi, yeye anafumua. Unamletea ya zamani anakutengenezea mengine.

Kilichonivutia hakukimbilia kupiga hesabu. Alimwaga kopo lote kwenye taulo jeupe, akachukua sumaku ya spika mbovu akaipitisha juu, vyote vilivyonata akatenga pembeni, anasema humu ndani ni chuma dada, rangi ikishatoka ni kutu tu mpaka kwenye blauzi. Visivyonata vingi vilikuwa shaba, hivyo vinasuguliwa vinarudi. Halafu ukaja ule mkufu wa lulu, ambao miaka yote tumeambiwa ni lulu za kweli, akaniambia sugua kwenye meno. Lulu halisi inakwaruza kama ina kamchanga, ya kwetu ikateleza kama kifungo cha shati. Mama sijamwambia mpaka leo na msimwambie. Ila fundi akasema bandia zipo za aina, hizi ni za kioo, nzito, sio plastiki, akazipokea kwa mikono miwili.

Na vile vijiwe vya kung'aa, kumbe nyuma vinapakwa kitu cha fedha fedha kama kioo cha kujitazamia, maji yakiingia panageuka peusi jiwe linakufa, na mimi nilikuwa nimeshaloweka bruchi mbili, zile pini za urembo za kubana kwenye nguo, kwenye maji ya sabuni usiku kucha eti namrahisishia kazi. Aliniangalia tu. Vilivyokufa akaving'oa, vilivyopona akavihamisha.

Sasa kidani chenyewe. Alichukua hereni tatu za kubana zisizofanana kabisa, akakata vibanio vya nyuma, akapiga tupa pakawa laini, akazipanga kifuani na bruchi ya ua katikati, zimeshikana kwa vipete vya shaba, shingoni ni zile lulu za uongo na kila lulu ina fundo lake kwenye uzi, yaani uzi ukikatika inadondoka moja, sio zote zinakimbilia chini ya makochi. Pa kubandika anatumia gundi ya mirija miwili ile ya kuchanganya na anaiacha mpaka kesho yake. Supaglu hataki hata kuisikia, na ni kweli ile inaacha ukungu mweupe pembeni ya jiwe, kagua hizo zinazouzwa mtandaoni utaona. Mwanzo alitaka kunijazia vitu vingi zaidi nikamkatalia, ningekuwa kama gari la maharusi.

Kidani elfu 45, hereni za kuendana nacho elfu 12, unalipa nusu kwanza. Najua mtaguna, madukani hapo chini seti nzima unaipata kwa elfu 15. Lakini mtu ameinama na plaizi siku mbili kwa ajili yako, na hakuna atakayetokea ukumbini na kama chako.

Haya malalamiko. Aliniambia Jumatano, nikapata Jumatatu ya pili yake, simu hapokei, sendofu ya binti wa mjomba ilikuwa Jumamosi na nimeenda na cheni ya kuazima! Roho iliniuma sana. La pili, kazi nzuri yote ile halafu hereni akaweka ndoano za bei chee, siku ya pili masikio yamevimba yanawasha, ni ile metali ya nikeli hiyo, Ulaya wameiwekea kikomo kisheria kwa vitu vinavyogusa ngozi, huku unajijua mwenyewe. Nilimrudishia akabadilisha bila kunidai, akaweka za stili, sawa, hakubisha. Lakini mtu anayejua sumaku na meno hajui ndoano? Si angeniambia tu niongeze elfu 2.

Narudi kwake hata hivyo, bangili tano za mama hazijaguswa bado. Ila tarehe ya shughuli nitamdanganya wiki nzima kabla, na ndoano naenda nazo mkononi.