Pampu ya vakyumu ya chumba cha krenki: pima kwanza, ndipo ununue

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Hii mnayoiona mezani ni pampu ya vakyumu ya chumba cha krenki, yaani inanyonya gesi na kushusha presha ndani ya sehemu ya chini ya injini inamozunguka krenki. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye pulei ya krenki. Ndani ina vibapa vinne. Mdomo mmoja unanyonya, mwingine unatoa. Wenye Subaru na Evo wanaiulizia, na wapo wenye Premio inayokula mafuta wanaodhani itawaponya. Kwa mwenye Premio jibu langu ni usinunue. Ringi za mafuta, zile za pistoni zinazofuta mafuta kwenye silinda, zikishaziba kwa masizi, kama inavyojulikana kwenye injini za 1ZZ za zamani, dawa ni kufungua injini. Hata pampu ikipunguza moshi, ugonjwa utabaki.

Sasa tuingie kwenye kazi yake. Moto ukiwaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye chumba cha krenki. Hata injini mpya ina gesi hiyo. Ukiwa kwenye foleni ya Jinja Road hapa Kampala, manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ina vakyumu ya kutosha; gesi inafyonzwa kupitia valvu ya PCV, ile valvu ndogo kati ya chumba cha krenki na manifoldi, na injini inaichoma. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, vakyumu ya manifoldi inapotea. Kwenye injini ya tabo, yaani yenye kisukuma hewa, presha ya tabo inaifunga valvu kabisa, na gesi yote inatafuta njia kwenye mpira mmoja wa kupumulia unaoelekea mbele ya tabo. Pampu inakuja kusaidia hapo.

Lakini nguvu ya farasi ambayo watu huitarajia kwa pampu hii inatoka kwenye ringi. Chumba kikiwa na vakyumu, ringi hukaa vizuri kwenye mifereji yake, na mjenzi anaweza kuweka ringi za mafuta zenye mkazo mdogo ambazo hazikwaruzi silinda sana. Ukiibandika pampu kwenye injini yenye ringi za kiwandani, utapata kidogo mno, na pampu yenyewe inakula nguvu ili izunguke.

Kwa hiyo pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje kama herufi U, kila mguu mita 1, ujaze maji nusu. Ncha moja ichomeke kwenye bomba la kijiti cha mafuta bila kuvuja, nyingine iache wazi. Injini ikiwa imepata moto, ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, maji yanapaswa kusogea kidogo kuelekea injini, maana PCV inavuta. Kisha pitisha mpira hadi ndani ya gari, mwenzako asome wakati unapanda mlima kwa mafuta yote. Kila sentimita 10 za tofauti ya maji ni karibu kilopaskali 1. Presha ikipanda, usikimbilie pampu. Angalia valvu ya PCV iliyoganda, mpira uliobonyea, kopo la kunasa mafuta lililojaa. Ukishasafisha hivyo na presha bado ipo, pima uvujaji wa silinda. Silinda inayovuja zaidi ya asilimia 20 kupitia ringi inadai kufunguliwa.

Ukipima kompresheni Kampala, kumbuka tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Injini inayotoa psi 150 pwani itasoma karibu 130 hapa, na haina kosa lolote. Pampu nayo vilevile: iliyovuta inchi 15 za zebaki (kipimo cha nguvu ya vakyumu) kule chini, hapa itavuta kama 13.

Sasa vumbi, na hili kwangu ndilo linaloamua kwa gari la rali Uganda. Sili ya krenki, mbele na nyuma, midomo yake imetazama ndani ili kuzuia mafuta yasitoke. Ukiweka vakyumu kubwa, hewa ya nje inasukuma mdomo huo uachie, na vumbi jekundu linaingia moja kwa moja kwenye mafuta, bila kupitia chujio lolote. Kifuniko cha mafuta na bomba la kijiti ni vivyo hivyo. Mafuta yenye vumbi yanasaga beringi. Gari la mashindano ya kasi kwenye lami linaweza kuvumilia. Gari linalokula vumbi mchana kutwa lisifungwe pampu hii bila sili zilizotengenezwa kwa vakyumu.

Ukiwa na sababu ya kweli, yaani injini ya mashindano yenye ringi za mkazo mdogo na sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) ya kawaida, anza na inchi 10 hadi 12 za zebaki. Usipite 15, kwa sababu pini ya pistoni inategemea ukungu wa mafuta, na vakyumu kubwa inauondoa. Weka valvu ya kupunguzia vakyumu upande ulio mbali na mdomo wa kunyonya, na iwe na chujio, maana hewa inayoingilia hapo inakwenda ndani ya injini. Ziba PCV na matundu mengine yote. Pulei ya pampu iwe kubwa kuliko ya krenki, pampu izunguke karibu nusu ya kasi ya injini. Mpira wa kutolea uende kwenye kopo lenye chujio, kamwe usiuzibe.

Mdomo wa kunyonya uweke juu, nyuma ya kibati cha kuzuia mafuta. Kwenye Subaru hapo ni pagumu: vichwa vimelala ubavu, na kwenye kona ndefu kifuniko cha valvu kinajaa mafuta. Ukinyonya hapo, mafuta yanahamia kwenye kopo, sampu inapungua, beringi zinakufa. Nyonya kutoka juu ya bloku. Kopo likijaa haraka, simama, usiongeze mafuta ukaendelea.

Neno kwa wenye dizeli, Hiace za 2L na 3L. Pampu iliyo nyuma ya alteneta ni ya breki. Hewa yake na mafuta yake hurudi ndani ya injini, kwa hiyo haiwezi kupunguza presha ya krenki. Tena mpira wa servo ya breki ukipasuka, pampu hiyo inasukumia hewa kwenye krenki, na utadhani ringi zimekufa. Chunguza mpira huo kabla hujafungua kichwa. Wenye sampu kavu, ambayo mafuta hukaa kwenye tangi la pembeni, pampu zenu za kurudisha mafuta tayari zinavuta vakyumu, hamhitaji nyingine. Na anayeshindana chini ya FMU, shirikisho la michezo ya magari Uganda, asome kanuni za daraja lake kabla ya kulipa pesa Kisekka, soko la vipuri Kampala.