Kazi ya baskeli: Darajani au Paje?

Kijana wa mtaani kaniuliza akaombe kazi wapi, duka la baskeli Darajani, mjini hapa Unguja, au kwa wanaokodisha wageni baskeli kule pwani Paje, na mie kote nishakaa basi nampa kama ilivyo.

Mjini mshahara mdogo lakini mwezi ukiisha unaupata, mvua inyeshe isinyeshe. Kazi yenyewe ndo nzito yakhe, kontena la baskeli za mtumba za Japani likija mnashusha nyie nyie, usukani umelazwa, pedali zimegeuzwa ndani, mnakaa chini juani kuziunga moja moja, kusugua kutu, kukaza spoku mpaka rimu iache kucheza, na glavu hupewi, mkono unanuka grisi mpaka kwenye sahani ya wali. Kula utakula wateja wakisha, na haweshi!

Paje kuna upepo, kuna tipu, Julai na Agosti tipu peke yake zaweza kupita mshahara. Ila masika wageni wakikatika tajiri anakwambia "pumzika kwanza", na hiyo pumzika haina hata senti. Tena mgeni akiiingiza baskeli baharini, cheni ikaliwa na chumvi, unakatwa wewe.

Mkataba kote mara nyingi wa mdomo tu, na Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005 ipo, ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ipo toka 1998. Mie ningekaa mjini, lakini aulize mchango wa ZSSF kabla hajashika spana, tajiri akianza kuzungusha maneno bora apande gari ya Paje akale tipu zake.