Mrehani au Mwasumini?

Mrehani huota upesi: kwenye udongo wenye joto, mbegu huchipua ndani ya siku 5 hadi 10. Harufu yake imo kwenye majani. Yapapase kidogo tu, mafuta yatoke, kiganja kinukie. Ukiuacha uchanue, majani hupungua, kwa hiyo kata vitumba mapema.

Mwasumini hutaka subira. Hupandwa kwa vipandikizi, na bila jua la kutosha hutoa majani matupu. Lakini jioni, vitumba vyeupe vinapofunguka, harufu huingia hadi ndani bila wewe kugusa chochote! Ua lenyewe halikai. Kesho yake hunyauka na kudondoka.

Anayetaka kiungo cha chakula achukue mrehani. Mimi, nikiwa na chungu kimoja tu, ninapanda mwasumini, karibu na dirisha la chumbani.