Tumehamia pampu za mpira kwa dawa ya klorini, na nazipendekeza

Mimi ni fundi wa zamu kwenye mtambo wa kusafisha maji. Kilichokuwa kinatutesa kuliko vyote ni pampu za kiwambo (zinazosukuma kwa utando unaopiga mbele na nyuma) za hipokloriti ya sodiamu, yaani hiyo dawa ya klorini. Dawa hiyo ikipata joto hutoa oksijeni, gesi inanasa kwenye kichwa cha pampu, na pampu inabaki kupiga bila kusukuma chochote. Mota inalia kama kawaida huku klorini kwenye maji ikishuka. Ukifungua unakuta gololi za valvu zimeganda kwa chumvi nyeupe, na kila kiungo kina ukoko wake pale dawa inapovuja.

Uvujaji huo si uchafu tu. Shabu iliyoyeyushwa, ile dawa ya kutuliza uchafu wa maji, ni tindikali; ikikutana na hipokloriti sakafuni, hutoka gesi ya klorini, na ile gesi inaua.

Kwenye pampu za mpira, rola zinaminya mpira, yaani bomba laini lenye dawa ndani, na kuisogeza dawa mbele, gesi ikapita humohumo. Dawa haigusi sehemu nyingine yoyote ya pampu, kwa hiyo ndani hakuna valvu ya kuziba wala sili ya kuliwa. Mpira ukichoka, tunafunga njia, tunasuuza kwa maji, tunavaa glavu na miwani, tunavuta wa zamani na kuingiza mpya. Ni dakika chache. Zamani kazi hii ingekula nusu ya zamu.

Ila msinunue kwa macho. Mpira unachakaa kwa idadi ya miminyo, kwa hiyo chukueni pampu kubwa kidogo izunguke polepole. Ile ndogo inayokimbia humaliza mipira upesi. Mpira unaozeeka hupunguza dozi kabla haujapasuka, kwa hiyo pimeni dozi kwa silinda ya kupimia mara kwa mara. Valvu ya usalama ya kuachia shinikizo ni lazima, maana njia ikiziba pampu haisimami, inasukuma mpaka kitu kiachie. Na kama kuna kihisi cha uvujaji kinachozima mota, lipieni. Ulizeni pia mpira umetengenezwa kwa nini, kwani si kila mpira unahimili klorini.

Mipira yenyewe ni gharama isiyoisha, hilo sifichi. Kwa klorini nailipa kwa moyo mmoja. Kwenye shabu tumeacha pampu za kiwambo zilezile: shabu peke yake haitoi gesi, nazo zinafanya kazi vizuri.